Dawa tulikuwa nazo, msimamizi hatukuwa naye



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ndugu wasomaji, wiki hii tumeazimia kuzungumzia jambo ambalo kamati nyingi za misikiti hazipendi kulisema hadharani, kwa kuwa linagusa makosa yetu wenyewe.

Ubavuni mwa msikiti wetu hapa Dodoma kuna jengo la vyumba vinne ambalo mlango wake umefungwa kwa kufuli. Jengo hilo lilikuwa zahanati. Lilijengwa kwa sadaka za waumini: wapo waliotoa saruji, wapo waliotoa nondo, na wapo akina mama waliouza vitumbua na maandazi msimu mzima ili kitanda cha kuzalishia kipatikane. Lilifunguliwa kwa dua na pilau, na likafungwa kabla ya kutimiza miaka mitatu. Kila aliyetuuliza sababu tulimjibu kwamba fedha zilikwisha. Jibu hilo lilikuwa kweli, lakini halikuwa kweli yote.

Mwaka jana, baada ya swala ya Ijumaa, alitufikia mzee mmoja wa jamaa zetu akiwa amefuatana na binti yake. Binti huyo ni afisa muuguzi katika kituo cha afya kimojawapo wilayani Chemba, mke wa mwalimu na mama wa watoto watatu. Alitusalimu, akatoa bahasha, akasema: "Wazee wangu, shikamooni. Nimepata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili katika usimamizi wa huduma za afya, kwa njia ya masafa. Sitaacha kazi wala sitaacha nyumba yangu. Ninaomba mnisaidie ada ya mwaka wa kwanza, kwa mkopo au kwa sadaka, kwa sababu sitaki kuchukua mkopo wa riba."

Tulimwambia asubiri kikao. Na kikao hicho, ndugu wasomaji, kilikuwa kirefu.

Mzee wetu mmoja, ambaye tunamheshimu kwa elimu na umri wake, alipinga kwa hoja kwamba elimu isiyo na mwalimu mbele ya mwanafunzi haina baraka. Wa pili alisema kwamba muuguzi kazi yake ni kuuguza. Akisomea usimamizi atawaacha wagonjwa akatafute kiti cha kuzunguka. Wa tatu aliuliza ni nani atakayewapikia watoto. Mweka hazina naye aliuliza swali moja tu: fedha hizo zitatoka mfuko gani? Tunaona inafaa tuzieleze hoja hizi moja baada ya nyingine, kwa kuwa tunajua kwamba zinasemwa katika nyumba nyingi za wasomaji wetu.

Tuanze na hoja ya mwalimu aliye mbali. Waliopita katika madrasa na vyuo vyetu wanajua kwamba wanazuoni wa hadithi walizipanga njia za kupokea elimu, na Ibn al-Salah, aliyefariki mwaka 643 Hijria, alizieleza katika kitabu chake mashuhuri cha taaluma ya hadithi. Ya juu kabisa ni kumsikia sheikh kwa masikio yako. Hata hivyo miongoni mwa njia hizo imo mukataba, nayo ni sheikh kumwandikia mwanafunzi aliye mbali na kumpelekea alichokiandika. Wanazuoni hawakuikataa, walichoshikilia ni kwamba mwandiko uthibitike kuwa ni wa sheikh mwenyewe. Iliyo dhaifu zaidi ni wijada, yaani mtu kukuta maandishi na kuyachukua bila ya kuwa na uhusiano wowote na aliyeyaandika. Kwa hiyo umbali peke yake si aibu ya elimu. Aibu ni kukatika kwa uhusiano baina ya mwalimu na mwanafunzi. Anayesoma kwa masafa, akaandika kazi zake, zikasahihishwa na kurudishwa, akaenda kufanya mtihani chini ya msimamizi, huyo yuko karibu na mukataba. Anayenunua tasinifu iliyoandikwa na mtu mwingine, au anayenakili kutoka intaneti na kutia jina lake, huyo hata wijada hakuifikia; amefanya udanganyifu, na udanganyifu ni haramu hata ukivishwa joho la mahafali.

Nchini mwetu njia hii si ngeni. Sheria iliyoanzisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania ilipitishwa mwaka 1992, na wanafunzi wa kwanza wakapokelewa mwaka 1994. Chuo hicho kina vituo mikoani, Dodoma ikiwemo, ambako mwanafunzi hufanyia mitihani bila ya kulazimika kuhamia Dar es Salaam. Chuo Kikuu cha Mzumbe, kwa upande wake, kimefundisha usimamizi wa mifumo ya afya kwa miaka mingi. Maneno yanayorudiwa sana juu ya kuifuata elimu hata China wanazuoni wa hadithi wameyadhoofisha. Lakini wajibu wa kutafuta elimu yenye manufaa umethibiti kwa dalili nyingine, na siku hizi elimu yenyewe inaweza kumfuata mtu mpaka Chemba.

Hoja ya pili ndiyo iliyotugusa zaidi. Je, muuguzi anahitaji elimu ya usimamizi? Jibu lipo katika namna vituo vyetu vya serikali vinavyoendeshwa leo. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya hupelekwa moja kwa moja katika akaunti ya benki ya kituo, zahanati ya kijijini ikiwa ni mojawapo. Maana yake ni kwamba mganga mfawidhi au muuguzi aliyefundishwa kupima shinikizo la damu na kuzalisha sasa anaandaa mpango na bajeti, anaidhinisha malipo, anaandika taarifa ya mapato na matumizi, anajaza vitabu vya MTUHA na kujibu maswali ya kamati ya usimamizi ya kituo na ya mkaguzi. Haya yote anayafanya huku mama mwenye uchungu akimsubiri. Asipoyajua hayo, fedha hurudi bila kutumika au hutumika pasipofaa, na mgonjwa huandikiwa karatasi ya kwenda kununua dawa dukani.

Mkoa wetu wa Dodoma una ushahidi mzuri wa jambo hili. Zamani, kituo kilipoagiza dawa kutoka Bohari ya Dawa na kuambiwa kwamba aina fulani haipo, kilianza safari ndefu ya kuomba idhini na kutafuta muuzaji, kila kituo kwa njia yake na kwa bei yake. Mwaka 2014 ulianza hapa Dodoma mfumo wa mshitiri, unaojulikana kwa jina la Jazia. Mkoa unatangaza zabuni, unamchagua muuzaji binafsi, bei zinakubaliwa mapema, kisha vituo vinaagiza kwa pamoja kupitia halmashauri zao kile kilichokosekana Bohari. Mwaka 2016 mfumo huo ukafika Morogoro na Shinyanga, na mwaka 2018 ukaenezwa nchi nzima. Tuzingatie, ndugu wasomaji: hapakuvumbuliwa dawa mpya wala chanjo mpya. Kilichobadilika ni utaratibu wa kununua. Watu walikaa chini wakapanga, na mgonjwa wa kijijini akanufaika. Huko ndiko kusimamia huduma za afya.

Na mzigo unaongezeka. Katika sensa ya mwaka 2012 mkoa wetu ulikuwa na watu milioni 2 na kidogo. Sensa ya mwaka 2022 imetukuta tumepindukia milioni 3. Serikali imehamia hapa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge mwaka 2023, na bima haiendeshwi kwa nia njema pekee. Fomu ikijazwa vibaya dai hukataliwa, dai likikataliwa kituo hukosa fedha, na kituo kikikosa fedha rafu za dawa hubaki tupu.

Uislamu haukuliacha jambo hili. Wanahistoria wa sira wanamtaja bibi Rufaida wa kabila la Aslam, aliyekuwa na hema katika msikiti wa Mtume (s.a.w.) mjini Madina, ambamo Saad bin Muadh aliuguzwa baada ya kujeruhiwa katika vita vya Khandaq. Hema lile lilikuwa msikitini, na aliyelisimamia alikuwa mwanamke. Karne nyingi baadaye Sultani Qalawun alijenga hospitali kubwa mjini Cairo, iliyokamilika mwaka 1284, ikaendeshwa kwa mapato ya mali za wakfu, nao wakfu ulikuwa na wasimamizi na hesabu zake. Tena tuirejee Suratu Yusuf, aya ya 55. Nabii Yusuf (a.s.) alipoomba kukabidhiwa hazina za nchi, alitaja sifa mbili: ya kuhifadhi na ya kujua. Uaminifu bila ujuzi haukumtosha Nabii, utatutosha sisi?

Kwa swali la nani atakayewapikia watoto, aliyejibu ni mume wake, ambaye tulimwita kikaoni. Alisema kwa upole: "Wazee wangu, mimi nikisahihisha madaftari ya wanafunzi usiku, yeye hunipikia chai. Yeye akisoma usiku, mimi nitashindwa nini?" Mzee aliyeuliza alitabasamu, na hoja hiyo haikurudi tena.

Likabaki swali la mweka hazina. Hatukuona kwamba zaka inafaa kwa shauri hili, kwa kuwa wanaostahiki zaka wametajwa katika Suratut-Tawba, aya ya 60, na binti huyu ana mshahara. Si fakiri wala maskini. Hivyo tuliamua kumpa qardhun hasan, mkopo usio na nyongeza hata senti moja, kutoka katika mfuko wa elimu, aurejeshe kidogo kidogo. Tulimwekea sharti moja: akimaliza, atusaidie kuangalia kama zahanati yetu inaweza kufunguliwa tena. Kwa hakika tulidhani kwamba tunamfanyia hisani.

Alianza. Alijipangia kusoma baada ya swala ya alfajiri mpaka wakati wa kwenda kazini, kwa kuwa usiku mtandao ni hafifu na zamu za usiku ni nyingi. Mitihani alikuja kuifanyia hapa mjini. Matokeo ya muhula wa kwanza yalipotoka, alikuwa amefaulu masomo yote isipokuwa takwimu. Habari ilifika msikitini kabla yake, na tulisikia kwa masikio yetu mtu akisema barazani kwamba fedha za waumini zimepotea. Baba yake alikuja kwetu na kutuambia kwamba binti anataka kuacha na kurudisha mkopo.

Hatukujua tumwambie nini. Tukamwomba aje, na kwa kuwa tulitaka kumpa sababu ya kuja isiyokuwa ya lawama, tukamwambia kwamba daftari na karatasi za zahanati ziko kabatini, azitazame. Alikaa nazo siku mbili za mapumziko yake katika chumba cha madrasa. Siku ya pili, baada ya Alasiri, alituomba tukae. Alikuwa na karatasi moja tu mkononi.

"Wazee wangu," alisema, "zahanati hii haikufa kwa kukosa fedha. Dawa zilikuwepo." Akatuonesha. Tulinunua dawa kwa msukumo wa michango: fedha ikipatikana tunanunua kwa wingi kile kilichopatikana, bila kuangalia ni wagonjwa wangapi wa ugonjwa gani wanaokuja. Dawa za aina fulani zilijaa stoo mpaka zikapita muda wake, huku wagonjwa wa maradhi mengine wakiambiwa kwamba dawa hakuna. Leja ilijazwa miezi minne ya mwanzo, kisha ikaachwa. Madai ya bima yalirudishwa kwa makosa ya kujaza fomu, na hakuna aliyeyasahihisha na kuyapeleka tena. Mishahara ilipochelewa, tabibu akaondoka. Akamaliza kwa kusema kwamba hesabu ya wastani wa matumizi ya dawa kwa mwezi, ambayo ingetuokoa, ni hesabu ileile iliyomwangusha katika mtihani wa takwimu, na kwamba sasa ameelewa inatumika wapi.

Muhtasari wa vikao vyote vilivyoidhinisha manunuzi yale uliandikwa kwa mkono wetu, na sahihi ya katibu iliyo chini yake ni yetu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tulikuwa na daftari, tukaacha kuandika, kisha tukawaambia waumini kwamba fedha zilikwisha. Kwa safu hii tunawaomba radhi, hasa wale akina mama wa vitumbua na maandazi. Kitanda chenu kipo, hakijauzwa. Aya ya 58 ya Suratun-Nisaa, inayozungumzia amana na wanaostahiki kukabidhiwa, tumeisoma mara nyingi juu ya mimbari. Safari hii imetusoma sisi.

Ndugu wasomaji, kwa familia ambazo mwana wao, binti yao, mume au mke anafikiria kusoma shahada ya uzamili kwa masafa, tuna nasaha chache.

Kwanza, kabla ya kulipa hata shilingi moja, hakikisheni kwa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania kwamba chuo na programu vinatambuliwa, hasa ikiwa chuo kiko nje ya nchi. Anayeahidi shahada ya uzamili kwa wiki chache anauza karatasi. Pili, ombeni mtaala mkausome. Usimamizi wa huduma za afya wa kweli una mipango na bajeti, rasilimali watu, ugavi wa dawa, takwimu na epidemiolojia, ubora wa huduma, sheria na maadili, na utafiti. Msiogope takwimu, bali jiandaeni nazo mapema. Tatu, mtumishi amwandikie mwajiri wake na apate ruhusa kwa maandishi, ili cheti kisije kikawa ugomvi baadaye. Nne, kaeni nyumbani mkubaliane: nani atabeba nini, saa zipi ni za kusoma, na itakuwaje mtihani ukiangukia Ramadhani au mtoto akiugua. Masomo ya masafa huwashinda wengi si kwa ugumu wake, bali kwa sababu nyumba haikujua kwamba kuna mwanafunzi ndani yake. Tano, msikimbilie mkopo wa riba. Ulizeni chuo kama ada inaweza kulipwa kwa awamu, na kamati za misikiti nazo zianzishe mifuko ya qardhun hasan. Fedha tunazotumia kwa maturubai ya sherehe zingewasomesha wengi.

Kwa kamati wenzetu tuna neno moja. Tuna misikiti mizuri, na hapa Dodoma tunao msikiti mkubwa ambao wageni huja kuutazama. Tuna Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro, ambacho ni fahari yetu. Lakini zahanati, shule na visima vyetu vitaendelea kufa mikononi mwetu ikiwa tutaamini kwamba nia njema inaweza kukaa mahali pa leja. Tusitafute madaktari tu; tutafute pia wa kuwasimamia, na tuwasomeshe walio tayari kusoma.

Binti yetu hakurudisha mkopo. Mtihani wa marudio ameupangiwa mwezi ujao, na mwalimu mmoja wa hisabati katika jamaa zetu amejitolea kumfundisha kila Jumamosi anapokuja mjini, mume wake akiwepo. Mzee wetu aliyepinga elimu ya masafa ndiye aliyesema kwanza kwamba nauli yake ya kutoka Chemba ailipe yeye. Kufuli la zahanati bado halijafunguliwa, na hatutatangaza tarehe ya kulifungua mpaka leja mpya iwepo na mwenye kuijua awepo. Tunakuombeni mumtie katika dua zenu.

Wabillahi tawfiq.